Kigari Kilichookolewa

Mwalimu Rui alirudi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya miaka mitatu. Siku ya pili tu alikwenda sokoni kwa Husseni, fundi wa simu na redio, akamwekea mezani kigari cha umeme kisichozidi kiganja.

"Kinaruka kila kona, mano," alisema, akimwita ndugu kwa Kireno kama zamani. "Jumapili tunashindana kwangu, walimu na watu wa hospitali. Wewe ndiye unayekijua."

Kabla ya waasi kuushambulia mji, wawili hao walijenga njia ya mbao sebuleni kwa Rui, yenye mfereji katikati na nyaya za umeme kando yake. Kigari hufuata mfereji kwa ulimi mdogo ulio chini ya pua. Ukizidisha mwendo konani, ulimi unachomoka na gari linaishia chini ya viti. Rui ndiye aliyevinunua vigari vile alipokwenda likizo kwao Quelimane. Kuvifanya vishike njia ilikuwa kazi ya Husseni.

Sasa Husseni akafungua bodi, ganda la juu, akaiweka chesisi juu ya kipande cha kioo. Gurudumu moja la mbele lilining'inia. Akainyoosha kwa koleo, akapima, akanyoosha tena mpaka magurudumu yote manne yakakaa. Akasugua matairi ya nyuma kwa msasa. Halafu akaipindua chesisi kuangalia uzito, na hapo akaliona chubwi, risasi ya mshipi wa kuvulia, limelehemiwa nyuma ya ulimi. Lehemu yenyewe ilikuwa na mkia kuelekea kushoto. Ilikuwa ya mkono wake.

"Nilidhani hiki kipya," alisema.

"Bodi ndiyo mpya."

"Nyumba yako iliungua yote, Mwalimu. Hata mabati hayakubaki."

Rui akachukua bisibisi, akaitazama, akairudisha mahali pake.

Siku ya shambulio, Husseni alikuwa Mtwara kununua vipuri. Alimpigia Rui simu kabla mtandao haujakatika: "Mchukue mama." Rui akajibu, "Niko njiani kwake." Mama yake Husseni, Bi Biubwa, aliondoka Palma kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa imevimba kwa maradhi. Siku ya tatu alifia Quionga, akazikwa na watu wasiomjua. Baadaye Rui alipiga simu kutoka Pemba ya Msumbiji akilia, akasema gari lilijaa, hapakuwa hata na pa kuweka mguu. Husseni ndiye aliyembembeleza.

"Kigari kilitokaje?" aliuliza sasa.

"Husseni..."

"Nauliza kilitokaje."

"Kwenye sanduku. Pamoja na wenzake sita."

"Na sanduku lilikaa wapi?"

Kwenye kibanda cha jirani mtu alikuwa akijaribu spika, akihesabu kwa Kireno: um, dois, um, dois.

"Kwenye kiti," alisema Rui. "Dereva aliniambia nichague, sanduku au mtu mmoja zaidi. Nikafikiri gari jingine litakuja. Kila mtu alisema litakuja."

"Kwetu ulipita?"

"Tulipita. Alikuwa barazani, ameshajifunga kanga, mfuko mkononi. Alipoliona gari akashuka ngazi. Alidhani tunasimama."

"Hamkusimama."

"Hatukusimama."

Husseni aliinamia kazi. Hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Alivichambua vishungi vya shaba vinavyonyonya umeme, akavitandaza vigusane sawasawa na nyaya. Akarudisha bodi, akakaza skrubu, kisha akazilegeza nusu mzunguko, ili bodi icheze yenyewe konani isiinue magurudumu. Akakigusisha kwenye betri. Magurudumu yakazunguka bila kutetemeka.

"Punguza mwendo kabla ya kona," alisema, akimkabidhi. "Ukishaingia, usikikatie umeme ghafla. Na hapa usije tena."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Kaombe kwa mama. Yuko Quionga, kwenye minazi ya watu."

Rui akakifunga kigari ndani ya leso na kuondoka. Husseni alifunga kibanda kabla ya alasiri. Nyumbani alimweleza mkewe, Zuleica, kila neno. Zuleica alikuwa akichambua mchele. Aliacha, akalia kwa niaba ya wote wawili, kwa sababu Husseni machozi yalikataa kutoka.

Jumatatu Zuleica alirudi kutoka hospitali, alikokuwa mfanyakazi wa usafi. Alivua viatu mlangoni, akasita.

"Wanasema Mwalimu kashinda," alisema. "Wanasema gari lake halikutoka njiani."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Husseni akahisi kifua kimejaa furaha ya fundi, ile inayokuja bila kuitwa. Ilikaa muda wa pumzi moja tu. Kisha akajichukia, akatoka nje kutema mate.