Wa Dirishani

Mwalimu Ghati alikuwa mtu wa Tarime, na watu wa huko wakiwa na neno hawalitafuni, wanalitoa. Alipopangiwa kazi wilayani Kasulu alilia ndani ya treni tangu Tabora mpaka Kigoma, kisha akajifuta uso, akashuka, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona chozi lake tena. Walimu wenzake katika shule ile ya kilimani, upande wa Nyakitonto, walimtania kwamba Wakurya hufundisha kwa panga. Alicheka nao. Lakini moyoni alikuwa na donda lake la siku za chuo, ambako wenzake waliiga matamshi yake kila alipofungua mdomo, na bwaloni wakamwachia benchi zima akae peke yake. Alijiapiza kwamba hakuna mtoto atakayepita mikononi mwake akaja kumfanyia mwenzake vile.

Ndiyo maana alikipenda kipindi cha Uraia. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na Darasa la Tano walifika kwenye habari za watu waliodai haki zao. Ghati akawaeleza habari za Weusi wa Marekani, jinsi walivyochoka kuinuliwa kwenye viti vya basi ili Mzungu akae, wakaona heri watembee kwa miguu. Akawaeleza habari za Afrika Kusini, ambako mtu alitembea na kipande cha ruhusa mfukoni, na akikutwa hana analala mahabusu katika nchi ya babu yake. Alieleza mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza, mtoto mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, kwa nini hawakungoja basi jingine?"

Darasa likacheka. Kwao basi lilipita mara moja kwa siku, likipita. Ghati naye akacheka, lakini alirudi nyumbani ameudhika. Alijiuliza faida ya kufundisha jambo ambalo mtoto analisikia kama habari za mwezini.

Kesho yake akabuni mchezo. Asubuhi za vilima vile ni za baridi, na si kila mtoto ana sweta. Akawaambia wenye sweta wakae upande wa mlango, wasio na sweta wasimame upande wa dirisha. Kwenye kona kulikuwa na mtungi wa maji wenye kata moja ya kibuyu, ambayo wote waliinywea. Leo, akasema, maji ni ya watu wa mlangoni tu. Alitaka waonje kubaguliwa. Wapi! Wasio na sweta waliazima za wenzao, wakazivaa nje ndani, wakavuka kwenda kunywa huku wakiangua vicheko. Mpaka kengele inagongwa, darasa lilikuwa soko la Jumamosi.

Ghati akakaa akafikiri. Kosa, aliona, ni sweta, kwa kuwa sweta huvuliwa. Linatakiwa jambo ambalo mtu hawezi kumwazima mwenzake. Na wazo lilipomjia alifurahi nalo sana, maskini.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya darasa akauliza, "Nani hapa ambaye mzazi wake alitoka ng'ambo, Burundi?"

Kwa mtu wa pale, swali lile lilikuwa haliulizwi. Si kwamba watu hawakujua. Walijua kama mtu anavyojua mbuzi wa jirani yake. Lakini Kiha na Kirundi ni lugha za tumbo moja, na mtu aliyevuka mwaka wa sabini na mbili na mkeka kichwani alikuwa ameshapewa shamba, ameoa, amebatizwa, amezika. Umwulize nini tena? Mha asingeuliza. Ilibidi aje mtu wa mbali, mwenye nia njema na haraka ya kuijaribu.

Watoto wakatazamana. Kisha, kwa kuwa mwalimu ameuliza na mwalimu hujibiwa, wakasimama watatu: Tharsisi, Dorcas mdogo, na Esteri binti Nduwayezu, ambaye mama yake, Maximilla, alikuwa Mha wa mlima uleule.

"Nendeni dirishani," Ghati akasema. "Na maji leo si yenu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wa mlangoni walikunywa mmoja mmoja, kila mmoja akiiangalia kata asimwangalie mtu. Ilipomfikia Moses, aliyekaa dawati moja na Esteri, aliishika kidogo akairudisha mtungini bila kunywa. Esteri akaanza kulia. Ghati akamsogelea, akamshika bega.

"Usilie, mwanangu. Ni somo tu. Kengele ikilia, kila mtu anarudi mahali pake."

Na kweli kengele ikalia, wakarudi. Ghati akamwuliza Esteri alijisikiaje pale dirishani.

"Kama nimeiba, Mwalimu."

Hapo Ghati akahisi amefundisha kwa mara ya kwanza tangu apewe chaki. Aliwageukia wengine akawaambia: mnasikia? Hakuiba kitu. Hivyo ndivyo walivyojisikia watu wa Marekani, hivyo ndivyo walivyojisikia wa Afrika Kusini. Watoto wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wameelewa jambo, ila si lazima liwe lile alilokusudia.

Mwalimu Mkuu, Mzee Longinus, mzaliwa wa palepale, alimwita ofisini jioni. Alikuwa mtu wa kusema kwa kuzunguka.

"Mwalimu Ghati, nasikia somo lilinoga."

"Lilinoga, Mzee."

"Jambo lile ulilowauliza watoto, sisi sote tunalijua. Ndiyo sababu hatulisemi."

"Lakini Mzee, ubaguzi ndio hulelewa hivyo hivyo, kwa kunyamaza."

Longinus akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Huenda kwenu. Hapa tumelea watu kwa kunyamaza huko huko. Haya, nenda salama, dada. Maji yakimwagika hayazoleki."

Ghati aliona mzee amechoka na kazi. Lakini kabla ya mwezi kuisha alilisikia neno uwanjani, watoto wakigawana timu za mpira: "Wewe wa dirishani, kaa golini." Akamkamata aliyesema, akamchapa, akaeleza somo upya. Haikusaidia. Neno lilikuwa jepesi, tamu mdomoni, na halikuwahi kuwapo kabla. Lilikwenda mpaka kisimani. Esteri akaacha kucheza mpira. Ghati aliliona hilo na lilimchoma, ila alijipa moyo kwamba watoto husahau.

Kisha redio ikatangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi vijijini watapelekwa makambini. Malori ya jeshi yakaanza kuonekana kwenye njia ya Manyovu. Watu wakasema wanaotafutwa ni wale waliokuja juzijuzi na vita. Nduwayezu, baba yake Esteri, aliyekuwa na shamba la kahawa zuri kuliko la majirani wengi, tena mzee wa kanisa, aliwacheka waliomshauri ajifiche. "Mimi nimefika hapa askari hawa hawajazaliwa," alisema. Wakamkuta kahawani asubuhi, jembe mkononi.

Lori lililombeba likasimama mbele ya shule.

Ghati aliliona kupitia dirisha akiwa katikati ya kipindi. Ndani watu walikuwa wamesimama wamebanana, wengine miguu mitupu na udongo wa shamba magotini. Nduwayezu alikuwa ukingoni, na alikuwa ameipa shule kisogo. Mzee Longinus akaingia darasani mbio, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akamnong'oneza Ghati.

"Yule baba amewaambia hana mtoto. Amesema hakuzaa. Anataka Esteri abaki na mama yake. Mimi nimesema hapa sina wakimbizi, nina wanafunzi. Wewe sema hivyo hivyo. Basi."

Ghati akaitikia. Akatazama dawati la tatu, akamwona Esteri ameinamia daftari lake, anaandika kama vile akiandika sana hataonekana.

Afande akaingia. Hakuwa na uso mbaya. Alikuwa mtu aliyekosa usingizi, na koti lake lilikuwa jekundu kwa vumbi. Aliwaamkia watoto, wakasimama wakamwitikia, wakakaa.

"Mtoto ambaye mzazi wake alitoka Burundi asimame," alisema.

Hakuna aliyesimama. Benchi moja lililia, likanyamaza.

"Afande, hawa wote ni wa hapahapa," Ghati alisema. "Nawafundisha mwaka wa pili huu."

Afande akapitisha macho kwenye nyuso zile. Angeona nini? Mtoto wa Mha na mtoto wa Mrundi hata mama zao wenyewe wangewachanganya kwa mbali. Akashusha pumzi, akageuka kuelekea mlangoni. Longinus akampisha njia. Ghati akaanza kupumua.

Josepha wa dawati la mbele akanyoosha kidole. Alikuwa mtoto mzuri, wa kwanza kujibu daima, na hakuwa na chembe ya ubaya. Aliona tu kwamba mgeni ameuliza swali na darasa zima linaaibika kwa kutokulijibu.

"Mwalimu," akasema, "anawauliza wa dirishani?"

Na darasa zima, kabla halijajua linafanya nini, likageuka kumtazama Esteri.

Afande akarudi. "Wa dirishani ndio kina nani?"

Ghati akafungua mdomo, lakini Esteri alikuwa ameshasimama. Akafunika daftari, akaliweka sawa pembeni ya dawati, akaenda akasimama mahali pake palepale pa siku ile. Dorcas akamfuata. Tharsisi akamfuata Dorcas. Hakuna aliyechukua begi lake.

"Ulikuwa mchezo, afande!" Ghati alisema. "Ni mimi niliyewapanga. Nilikuwa nafundisha ubaguzi, nilitaka waone ubaya wake. Haina maana yoyote!"

"Umewapanga vizuri, Mwalimu," afande akasema, bila kejeli, kama mtu anayeshukuru. "Shule nyingine tunapoteza nusu siku."

Ndipo Moses akainuka. Alitoka kwenye dawati, akaenda akasimama karibu na Esteri, mikono ameibana ubavuni. Afande akamhesabu pamoja nao kwa kidole. Lakini sauti zikatoka kila upande wa darasa, za watoto wema wanaotaka mambo yawe sawa:

"Huyo siye, afande! Huyo ni wa mlangoni!"

Moses akarudishwa kwenye dawati.

Maximilla alishapata habari, na kilio chake kilisikika kikipanda mlima, lakini mlima ni mrefu na lori halikumngoja. Nduwayezu alipomwona binti yake anapandishwa, alifunika uso kwa kofia. "Yoo, mwana wanje," alisema. "Nimekukana bure." Kisha akainama juu ya ubao wa lori, akamtazama mwalimu aliyekuwa amesimama chini vumbini.

"Mwalimu, ni nani amemtaja mwanangu?"

Ghati angeweza kusema ni mtoto. Ingekuwa kweli.

"Ni mimi, baba Esteri."

Nduwayezu akatikisa kichwa polepole. Hakuamini, na kule kutoamini kwake ndiko kulikomwua Ghati. Lori likaunguruma. Esteri akajipenyeza kati ya watu wazima akashika ubao.

"Mwalimu! Begi langu liko kwenye dawati. Mwambie Moses asiruhusu mtu akae mahali pangu!"

Ghati akaitikia kwa mkono. Alisimama mpaka vumbi likatua kwenye migomba, akarudi darasani. Watoto walikuwa wamekaa, kila mmoja mahali pake, na Josepha alimtazama usoni akingoja aambiwe vizuri, kama alivyozoea kila akijibu.

Nje, kengele ya kumaliza kipindi ikagongwa. Hakuna aliyeinuka. Mwalimu alishasema kengele ikilia kila mtu anarudi mahali pake; wote wakageuka kutazama mlango, na Moses akajisogeza mwisho wa benchi kuacha nafasi.