Banda la Njiwa la Emil Hudak

Mkaguzi wa manispaa alifika kwa Verla Hudak Jumatatu moja ya mwezi wa tano, akamkuta barazani anakunywa kahawa, amejitia ndani ya sweta ya marehemu mumewe. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia, akajitambulisha kwa jina la Kessler, akasema kuna mwananchi amelalamika, na mtu akishalalamika yeye hana budi kuja kutazama. Verla akamwambia atazame tu.

Kessler akazunguka uwanja mzima. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Rangi ya baraza ilikuwa inabambuka vipande vipande. Na kule nyuma kabisa, nyumba ikiwa imelikinga lisionekane barabarani, lilikuwapo banda la njiwa lililoinamia upande mmoja kama mtu mwenye kiuno kibovu. Akarudi akamweleza taratibu. Sheria ya mji wa Garnet Forge inamtaka mwenye nyumba akate nyasi zisizidi shibiri moja, mbao zote za nje zipakwe rangi, na kibanda chochote kilichomo kiwanjani kisimame wima na kiwe na paa zima. Nyasi na rangi ni kazi ndogo. Banda ama alitengeneze kwa kibali, ama alibomoe. Akampa hadi mwisho wa mwezi wa saba. Baada ya hapo ni faini.

Verla hakubishana. Emil alikuwa amefariki mwezi wa pili, theluji ikiwa bado nene, na tangu siku ile nyasi ziote zisiote kwake ilikuwa mamoja. Lakini banda lilimchoma. Wanaume wa mtaa ule walikuwa wakifuga njiwa wa mashindano tangu babu zao walipotoka Slovakia kuja kufua chuma Ohio, na Emil alikuwa wa mwisho wao. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walishikwa na pombe, yeye akashikwa na njiwa. Jumamosi za mashindano alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, shingo juu, anangoja ndege walioachiwa huko Indiana wamrudie.

Kessler alipoondoka, Verla alikimbilia nyumba ya pili, kwa Darlene Pruitt. Walikuwa wameishi ubavu kwa ubavu tangu wote wawili ni maharusi. Walilea watoto pamoja, wakakunja pirohi, vile vitumbua vya Kislovakia vya unga na viazi ndani, za kuuza kanisani pamoja, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake. Emil alipolazwa, Darlene ndiye aliyewalisha njiwa, ingawa magoti yake yalikuwa yanamsumbua na ndege wenyewe alikuwa anawaogopa.

Darlene alisikiliza, mkono kifuani. Akauliza ni nani huyo mwenye roho ya kumshitaki mjane. Verla akasema hajui, mkaguzi haruhusiwi kutaja. Darlene akaifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

"Mimi sipendi kumsingizia mtu," akasema. "Lakini jiulize mwenyewe, shoga. Nani kahamia hapa juzijuzi, na nyasi zake utadhani zulia?"

Hakuhitaji kumtaja. Ng'ambo ya barabara alikuwa amehamia Yesenia Robles, muuguzi wa nyumba ya wazee mwenye asili ya Meksiko, aliyenunua nyumba yake vuli iliyopita. Tangu mazungumzo yale Verla akaacha kumwitikia salamu. Wiki moja baadaye Yesenia alivuka barabara na sahani ya tamales, bado zina mvuke ndani ya maganda ya mahindi, akasema amesikia habari za mumewe, naye anampa pole ingawa amechelewa. Verla akamjibu kutoka nyuma ya mlango wa wavu kwamba tumbo lake halipokei vyakula vya namna ile. Akamtazama anarudi na sahani yake. Hakujisikia vibaya hata chembe. Alijiona ameshinda.

Kazi ya kutengeneza nyumba, Darlene aliibeba kama ni yake. Alileta mashine ya kukatia nyasi. Alipaka rangi ya baraza hali amekalia kiti kwa sababu ya magoti, akaleta na makaroni ya jibini ili Verla asishughulike na jiko. Na kuhusu banda alikuwa akisema kidogo kidogo, leo neno moja, kesho jingine. Verla alitaka kulitengeneza. Mpwa wake wa Akron alikuwa amesema msingi ni mzima, linahitaji kuinuliwa tu na kubadilishiwa nguzo mbili. Darlene akatikisa kichwa. Kibali kina usumbufu, akasema, na huyo mpwa atachoka katikati akuachie balaa.

"Emil hayumo mle," akamwambia jioni moja, amemshika kiganja. "Zile ni mbao zilizooza. Wewe mwenyewe huwezi kupanda ile ngazi ukasafishe kinyesi. Waache njiwa waende kwa mtu atakayewatunza."

Verla akalia, akakubali. Mfugaji mmoja aitwaye Gus Petrak, aliyemjua Emil katika mashindano, alikuja na makreti akawachukua ndege wote. Kisha wakaja vijana wawili na nyundo, na kabla ya chakula cha mchana banda likawa rundo la mbao. Darlene alisimama na rafiki yake mpaka gari la taka lilipoondoka.

Njiwa wa namna ile hawahamishiki kwa urahisi. Petrak alipowafungulia kidogo wapate jua, baadhi yao wakaruka moja kwa moja mpaka Garnet Forge. Verla aliwaona wanazunguka juu ya uwanja, wanashuka, wanapanda tena, hawaoni pa kutua. Mwisho wakajipanga kwenye kipaa cha nyumba. Akatoka na kopo la mahindi akalitikisa kama Emil alivyokuwa akilitikisa, nao wakashuka miguuni pake, na yeye hakujua awaweke wapi. Petrak alipokuja kuwachukua alimwomba, kwa upole kabisa, asiwalishe tena. Verla alipomtafuta Darlene amsimulie, alikuta mapazia yamefungwa. Darlene alisema kichwa kinamuuma.

Kessler akarudi mwezi wa saba. Aliikagua baraza, akatazama pale palipokuwa na banda, sasa udongo mtupu, akafurahi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomponza.

"Umefanya vizuri, mama," akasema. "Na jirani yako sasa atapumua. Amenipigia mara nyingi, maana dalali wake anataka kupiga picha za nyumba kabla haijaingia sokoni."

Verla akamwangalia. Kessler akaivaa kofia yake.

"Sijataja jina," akasema.

"Hapana," Verla akajibu. "Hujataja."

Alibaki amesimama uani. Hakuna aliyemwambia kwamba anauza nyumba. Yesenia ndiyo kwanza anunue. Tena kutoka ng'ambo ya barabara banda halikuonekana kabisa, jambo ambalo mtu mzima mwenye macho yake alipaswa kuliona tangu mwezi wa tano. Dirisha lililolitazama lilikuwa moja tu, la jiko la Darlene, na sasa hivi pazia lake lilikuwa wazi.

Aliingia bila kubisha, kama kawaida yao. Darlene alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti. Alimwona Verla usoni, akakiweka chini kikombe alichoshika.

"Nilitaka kukwambia," akasema.

"Lini?"

Darlene akaeleza. Magoti hayawezi ngazi tena. Binti yake wa Arizona amemwekea chumba. Dalali alisimama pale pale dirishani, akasema nyumba ni nzuri, ila kila mnunuzi akiosha vyombo atatazama lile gofu.

"Ungeniambia mimi," Verla akasema.

"Usingelibomoa."

"Labda nisingelibomoa. Lakini ningekukatalia usoni, nawe ungejua nimekukatalia. Badala yake ukanishika mkono nikalibomoa kwa radhi yangu." Sauti yake haikupanda. "Na Yesenia? Yeye alikukosea nini?"

Darlene akakichukua tena kile kikombe.

"Uliniuliza ni nani, nikakosa la kusema. Yeye ndiye mgeni."

Verla akaupapasa mfuko wake, akatoa ufunguo wa nyumba ile, akauweka mezani kati ya vikombe. Akanyoosha kiganja. Darlene akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango, akamtolea wake. Alikuwa analia. Verla alimwacha alie.

Kwa Yesenia alikwenda siku hiyo hiyo, kabla ujasiri haujamwisha. Alimwambia yote barazani, amesimama, hata lile la tumbo. Yesenia alisikiliza akiwa na sare ya kazini.

"Nilijua tumbo lako halina tatizo," akasema. "Nilidhani ni jina langu."

Verla alitaka kukana, kisha akafikiri jinsi lile jina moja lilivyotosha kumfanya asiulize zaidi.

"Lilisaidia," akasema.

Yesenia akaitikia kwa kichwa, akasema amechelewa zamu, akaingia garini. Siku zilizofuata walisalimiana, basi. Ilichukua muda mrefu kabla Yesenia hajamkaribisha ndani.

Nyumba ya Darlene ilinunuliwa mapema. Siku ya kuhama alivuka nyasi kuja kuaga, akamkumbatia Verla, na Verla akakubali kukumbatiwa, mikono yake ikining'inia. Gari likaondoka, na Verla hakungoja lifike kwenye kona.

Kinachomfanya amchukie Darlene zaidi si hata lile banda. Ni kwamba theluji ya kwanza ikidondoka, au mtu akifariki kanisani, mkono wake bado hutangulia kwenye simu kumtafuta Darlene, na ni lazima auzuie mwenyewe.