Mshipa wa Fundi

Katika chumba cha upasuaji walimwita Fasta, na jina likamkaa, naye akalipenda kama mjinga yeyote apendavyo sifa. Daktari bingwa alipopasua kifua, yeye alipasua mkono, akatoa ateri, mshipa wa damu wa kupandikiza kwenye moyo ili damu ipate njia ya kuzunguka palipoziba. Wenzake walitumia saa nzima. Yeye, nusu saa.

Siri yake ilikuwa kisu cha umeme. Ateri ina vijishipa vinavyochomoza pembeni, na kila kimoja hutakiwa kufungwa kwa uzi, kisha kikatwe. Fasta alivichoma tu, tss, tss, shinani kabisa. Sista mkuu, mama aliyezeekea kazini, alimwonya: "Dokta, moto haujui mpaka. Funga kwa uzi."

"Uzi tumwachie huyu aliyelala hapa," Fasta akajibu. Mgonjwa wa siku ile alikuwa fundi cherehani. Chumba kizima kikacheka, isipokuwa sista.

Majuto ni mjukuu, na wa Fasta alichukua miezi minane kuzaliwa. Fundi alirudi akilalamika kifua kinambana tena. Picha ilionyesha ateri imeziba katikati, pale pale vijishipa vilipochomwa. Siku ile kwa nje ilikuwa safi, kumbe ndani imeungua, na kovu likajaa polepole. Bingwa alisema mambo haya hutokea, hakumlaumu mtu. Lakini Fasta alijua, na aibu ikamnyima usingizi.

Alimkuta fundi wodini, ameketi kitandani, anashona kifungo cha shati la mgonjwa jirani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu refu.

"Mzee, mshipa wako niliutoa mimi," Fasta alisema. "Niliuunguza kwa haraka zangu. Nisamehe."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Kama pasi ya moto kupita kiasi. Nguo inang'aa, mteja anashukuru. Akiifua mara mbili, inachanika."

"Ndiyo, mzee."

"Na ulikuwa unakimbilia wapi, mwanangu?"

Fasta aliikumbuka siku ile. Hakuwa akikimbilia popote. Alipomaliza mkono ule alikwenda kunywa chai.

"Sasa wanataka mshipa wa huu," fundi alisema, akiinua mkono wa kulia, ule wa mkasi. "Atautoa nani?"

"Si mimi. Nimemwomba mwenzangu, ana mkono mzuri."

"Amewahi kuharibu?"

"Hapana, mzee. Hata mara moja."

Fundi alilikunja shati, akampa mwenyewe.

"Basi utautoa wewe," alisema. "Huyo bado hajajuta."

Fasta akatamani mzee angemtukana tu, yaishe.