Mnanipandisha Presha

Daktari wa mdogo wangu alinipa sharti moja tu, na kwenye simu alilirudia mara tatu: nifike nimetulia. Vipimo vingine vyote nilikuwa nimeshafanya. Damu yangu na ya mdogo wangu zinaelewana kuliko sisi wenyewe. Kilichobaki ni presha. Nikishuka kwenye ndege niende moja kwa moja hospitali, nipimwe, na kama presha iko sawa, kesho yake asubuhi wanatoa figo yangu ya kushoto wanampa yeye. Ikiwa imepanda, hakuna upasuaji. Na mdogo wangu miaka miwili sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, na kila nikimwona amepungua.

Sasa, kuniambia mimi nitulie ni kazi. Tangu shule ya msingi mdogo wangu ananiita Dada Kiberiti. Lakini safari hii nilijiandaa. Mimi ni mkutubi, miaka ishirini na mbili kazi yangu ni kulinda vitabu na kimya. Wiki nzima sikugombana na mtu. Chumvi niliiweka kando. Hata yule mwanafunzi anayekunja kurasa badala ya kuweka alama ya karatasi, nilimtazama nikapita. Wenzangu kazini wakadhani naumwa.

Nikapewa kiti cha safu ya mwisho, ishirini na saba D. Nyuma ya kiti changu ni pazia, nyuma ya pazia ni jiko la ndege. Safari ilikuwa ya asubuhi, masaa manne angani. Nikafunga mkanda, nikafumba macho, nikaanza kuvuta pumzi polepole kama daktari alivyonielekeza.

Hata hazijafika pumzi kumi, pazia likaanza. Walikuwa wahudumu wawili. Mmoja nilimpa jina la Kicheko, maana hakuwa na sentensi isiyoishia kwenye kicheko. Mwenzake kazi yake ilikuwa kusema "acha wee" na kupiga droo za chuma. Pwa! Pwa! Nusu saa haijaisha nikawa nimejua habari za mfanyakazi mwenzao aliyeazima viatu vya kwendea usaili, kisigino kikang'oka mbele ya wakubwa. Hadithi ilisimuliwa mara mbili, ya pili kwa kuongeza chumvi. Mtoto mchanga wa safu ya mbele yetu alilia, akachoka, akalala. Hawa hawakuchoka.

Nikajiambia, mama, hasira hasara. Nikainuka. Maktaba tuna namna yetu ya kumnyamazisha mtu: humpigii kelele kutoka mbali, unamfuata hadi alipo, unainama, unaanza na samahani, unasema kwa sauti ndogo kuliko yake. Aibu inamaliza kazi iliyobaki. Nikafanya hivyo hivyo. Kicheko akasema sawa mama, wala usijali. Nikarudi kukaa. Dakika mbili hazikupita, kisigino kikang'oka kwa mara ya tatu.

Nikabonyeza kengele. Nikangoja wee. Akaja yule wa "acha wee", akaizima kengele bila kuniuliza shida yangu nini, akarudi nyuma ya pazia. Jamani! Mtu unalipa nauli kama wenzako, unaomba kwa adabu, unazimwa kama taa ya chooni. Ikafuata droo, kikafuata kicheko, na moyo wangu nikausikia masikioni.

Mara ya tatu nilisimama nikalivuta pazia lote. Walikuwa wamekaa juu ya masanduku, miguu imenyooshwa, wanakula. Nikawaambia nimeshaomba mara mbili, na sisi huku mbele yao ni watu, wengine ni wagonjwa, wengine wanakwenda kwa wagonjwa. Kicheko akameza tonge lake bila haraka, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Mama," akasema, "hii ni ndege, si maktaba."

Angesema jambo lingine lolote ningelimeza. Lakini maktaba! Miaka ishirini na mbili ikanipanda kichwani yote kwa pamoja.

"Mnanipandisha presha nyinyi!" nikasema, na sikusema kwa sauti ya maktaba.

Mtu yeyote aliyelelewa na watu anajua maana ya maneno hayo. Mama anamwambia mwanawe aliyechafua sakafu, mwalimu analiambia darasa zima. Maana yake mnanikera, basi. Lakini Kicheko uso ulimbadilika papo hapo. Akaniuliza kama nina presha. Nikamwambia sina presha, nyinyi ndio presha yangu. Asiyejua maana haambiwi maana. Alisikia neno moja tu, akakimbilia spika.

Basi ndege nzima ikatangaziwa kwamba kuna abiria mwenye presha safu ya ishirini na saba, na kama kuna daktari ajitokeze. Waliokuwa wamelala wakaamka. Mtoto akaamka. Vichwa vyote vikageuka kunitazama mimi, niliyetaka kimya. Akajitokeza mwanamume mmoja mpole, akanishika mkono, akahesabu mapigo, kisha akakiri kwamba yeye ni daktari wa mifugo. Akasema ningekuwa ng'ombe angejua la kufanya.

Mkuu wao akaja na fomu. Mimi miaka yote nasoma migongo ya vitabu vilivyogeuzwa, kwa hiyo nilimsoma vizuri huku karatasi ikiwa juu chini: "Abiria ana presha. Alikuwa mkali." Nikamwambia aandike na kelele zao. Akasema fomu haina nafasi ya kelele. Nikamwambia afute basi hilo la presha, maana nakwenda kutoa figo na neno hilo litanivurugia. Akasema kilichoandikwa kimeandikwa, ni utaratibu.

Tulipotua wakaniletea kiti cha magurudumu. Nilikataa, wakasema ni utaratibu. Mlangoni Kicheko alikuwa amesimama na tabasamu la kupaka, ananiambia asante kwa kusafiri nasi, karibu tena. Loo! Wakanisukuma hadi zahanati ya uwanjani nikapimwa: mia na sitini na nane. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Muuguzi akabandika kipimo chake juu ya fomu ya ndege, akapiga simu hospitali niliyokuwa naenda na kuwatumia nakala.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, nilimkuta kwenye geti la hospitali, macho mekundu. Habari zilishamfikia. Nikamweleza yote hapo hapo tumesimama, droo, kisigino, daktari wa ng'ombe, akawa hajui alie au acheke. Akaniacha mlangoni kwa daktari, akaenda kwa mumewe.

Daktari alikuwa na karatasi mezani. "Imeandikwa una presha," akasema. "Mwenye presha hatumtoi figo."

Nikamweleza kwamba ile haikuwa presha, ilikuwa neno. Akafungua vipimo vyangu vya nyuma, vyote vizuri, akakuna kidevu. Mwisho akasema ataniweka chumbani nilale, atakuja saa kumi jioni kunipima, mara moja tu. Ikizidi mia na arobaini, nafasi ya kesho anapewa mgonjwa mwingine, na mdogo wangu atangoja hadi miezi miwili. Hakusema kama mdogo wangu ana miezi miwili. Nami sikuuliza.

Nikalala chali. Kitanda, ukuta mweupe, na pembeni pazia. Nikaanza pumzi. Saa tisa na nusu, nyuma ya pazia, kicheko kikalipuka. Wauguzi wawili au watatu, na kitu cha chuma kikaanguka. Nikahisi damu inapanda shingoni. Nikakaa, nikashusha miguu sakafuni, nikafungua kinywa.

Ndipo nikasikia sauti nyembamba ikisema, "Akamwambia angekuwa ng'ombe angejua la kufanya." Halafu kicheko chake, kile kinachoanza na kikohozi kabla hakijawaka. Walikuwa wamemtoa mdogo wangu kwenye mashine, wamemlaza kitanda cha pili, naye anawasimulia wauguzi habari za Dada Kiberiti na ndege. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia miaka miwili.

Nikafunga kinywa. Nikarudisha miguu kitandani, nikalala nikimsikiliza. Alisimulia mara mbili, na ya pili kwa kuongeza chumvi.

Saa kumi daktari akaja na mpira wake. Akapima, akatazama, akaniambia mia na ishirini na sita, tuonane asubuhi. Akauliza kama nahitaji chochote. Nikamwambia nahitaji kalamu na karatasi, kuna shirika la ndege nataka kuliandikia. Akanitazama, akatazama kile kipimo, akasema kalamu nitapewa baada ya upasuaji.

Nikamwambia sawa. Hata kwa figo moja barua hiyo itawafika.