Vitabu Juu ya Meza ya Kukatia

"Toa hicho kitabu juu ya suruali ya watu!"

Mama alisimama mlangoni mwa kibanda changu cha ushonaji, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kiganja kifuani. Miaka imepita, sasa ni mzee wa kushikwa mkono, lakini sauti ile bado naisikia. Siku zote alikuwa akipiga simu kabla ya kuja. Siku hiyo hakupiga. Alinikuta nimeinama na mkasi, na kila pembe ya kitambaa cha mteja imekaliwa na kitabu cha dini. Kile kinene kuliko vyote, jalada limejaa chaki, kilikuwa cha marehemu baba.

Jamani, nikauweka mkasi chini.

Dini nilikuwa nimeiacha kimyakimya, na nyumbani hakuna aliyejua. Vitabu ndivyo vilivyonishinda. Kuvichoma, mkono ulikataa. Kumpa mtu, angeuliza. Kuvitupa jalalani, mimi? Niliyefundishwa kunawa kabla ya kuvigusa? Vikakaa tu kibandani, mpaka siku moja kitambaa laini kikanisumbua kwa kuteleza, nikanyoosha mkono nikachukua kilichokuwa karibu. Vilikandamiza vizuri ajabu. Fundi gani angevirudisha kabatini?

Uongo ulinijia haraka: nilikuwa nasoma, Mama, kazi ikaingilia. Ulimi ukagoma.

"Mama, mimi sisali tena. Imani imeniisha."

Akajibwaga kwenye kigoda cha wateja. Niliogopa jambo moja tu, asije akasema mimi si mwanawe. Shangazi alimtamkia hivyo binti yake kwa kosa hilohilo, na mpaka leo hawazikani.

Mama akainuka. Akakichukua kitabu cha baba, akakipangusa chaki kwa upindo wa gauni lake, taratibu, jalada lote.

"Hiki nakwenda nacho. Hivyo vingine endelea navyo."

"Mama?"

"Unashangaa nini? Vyangu kule nyumbani vinaliwa na mchwa. Heri vyako vina kazi."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikashindwa yote mawili.

"Lakini sikiliza," akasema. "Wewe umeacha. Mimi sijaacha. Nitakuombea, na usinikataze."

"Sikukatazi, Mama."

Wala hakungoja kufika nyumbani. Aliniwekea mkono kichwani palepale, mteja mwenye suruali, aliyekuja kuiulizia, akichungulia dirishani, akaniombea afya, wateja wanaolipa, na macho yasiyochoka na uzi mweusi. Akamsihi Mungu asinikasirikie, kwani mtoto huyu ni mzuri, ila kichwa kigumu, amerithi kwa baba yake. Aliponyamaza, mdomo wangu ukaitikia, "Amina," kabla sijauwahi.

Mama akafumbua macho. Tukatazamana, tumeshtuka sote wawili.