Jina Lenye Alama ya Kuuliza

Fundi cherehani alikuwa binti wa sita kwa baba asiye na mtoto wa kiume, na jina alilopewa, kwa lugha ya kwao, maana yake ni "Tena?" Pamoja na alama ya kuuliza. Alikuwa amelibeba miaka hamsini na minane. Kila lilipotajwa alimwona baba yake mlangoni, kachoka, akimuuliza Mungu swali hilo moja.

Kwa hiyo alipojiandikisha darasa la ubatizo, hakufuata maji. Alifuata jina. Mchungaji alimpa karatasi tatu za majina na maana zake, akazisoma kama anayechagua kitambaa, akachukua lile lenye maana ya "Aliyengojewa."

Siku hiyo hiyo akatangaza: atakayemwita kwa jina la zamani asingojee jibu. Mumewe hakupata shida, kwani miaka thelathini yote alikuwa akimwita "mama nanihii." Wateja ndio waliohangaika. Mmoja aliita mlangoni mpaka sauti ikamkauka, na suruali yake iko mezani, imeshapigwa pasi.

Wiki mbili kabla ya ubatizo akaja dada yake mkubwa. Hakungoja chai ipoe.

"Nasikia umemtupa baba."

"Sijamtupa. Nimemrudishia swali lake."

"Swali gani?"

"Si alimuuliza Mungu: msichana tena?"

Dada akatua kikombe. "Nani kakudanganya? Mimi nilikuwepo, nina miaka kumi na minne, nimeshika beseni. Mkunga kafungua mlango, kasema, 'Msichana, wote wazima.' Baba alikuwa kasimama upande wa sikio bovu. Mashine za kiwanda cha misumari alikofanya kazi zilikuwa zimeshalila sikio hilo. Akasema, 'Tena?' Yaani arudie. Mkunga akadhani kataja jina, akaliandika kwenye kadi."

"Na baba hakusahihisha?"

"Alipotajiwa jina lako alisema ni zuri. Sidhani kama alilisikia vizuri."

"Dada, mbona miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nilijua unalipenda."

Dada alipoondoka, fundi alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati mahali pa kola. Akafumua. Akaushona palepale. Hasira aliyoitunza tangu utotoni ilikuwa bado nzima, haina hata kiraka, ila sasa haikuwa na mtu wa kuivaa.

Siku ya tatu alikwenda kwa mchungaji, akamwambia atabatizwa kwa jina lake.

"Nimeshaandika lile jipya kwa wino," alisema mchungaji.

"Naona."

"Na hili lako halimo kwenye karatasi zangu."

"Nilizisoma zote, mchungaji. Halimo."

"Maana yake ni nini?"

Fundi alifikiri kidogo. "Baba aliambiwa nimezaliwa, akaomba aambiwe mara ya pili."

Mchungaji akasema kwamba katika kazi yake amesikia sala mbovu kuliko hiyo, akafungua droo kutafuta rula. Alikata jina jipya kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika la zamani juu yake kwa herufi za kubanana, maana nafasi ilikuwa finyu.

Jumapili fundi alibatizwa, wa saba kwenye foleni, nyuma ya mwalimu mmoja aliyekuwa na mafua. Maji yalikuwa baridi. Njiani kurudi, mumewe alisema yeye lile jipya alikuwa ameanza kulipenda, na kazini alikuwa ameshawatangazia.

"Wape pole," alisema fundi.

Nyumbani alibadilisha nguo, akakaa kitandani, akamlia baba yake, aliyekufa miaka kumi na tisa iliyopita na akazikwa bila binti yake wa sita kutoa chozi. Alilia vizuri, kama nusu saa hivi. Kisha akanawa uso, akaenda kumalizia sare za shule. Zilikuwa kumi na mbili, na zilitakiwa Jumatatu asubuhi.