Visahani Vilivyompita Erasmus

Erasmus alikuwa amekwisha kulaumu bunduki tatu na aina nne za risasi, na asubuhi bado mbichi. Mtu akiogopa kosa kuwa lake hulaumu hata upepo, na upepo nao alikuwa ameshaulaumu.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba 2021, wiki chache tangu Sydney ifunguliwe baada ya lockdown ya korona, kwenye klabu ndogo ya shabaha nje ya Blacktown. Mzee Kamande, Mkenya aliyefundisha wageni pale, alimpangia mezani bunduki za marisau, zile za kutawanya vidonge vidogo vya risasi, azijaribu kabla ya kununua yake. Ile ya kupampu, inayokokwa kwa kuvuta mkono wa mbele kama za polisi, Erasmus aliitamani kwa sura tu. Mzee akamwambia hiyo imetengenezwa kwa kazi nyingine, na sheria ya hapa haimpi kila anayeitaka. Kwa mashindano ya kulenga visahani vinavyorushwa hewani alimshauri achukue ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, yenye uzito wa kupunguza teke la bunduki, na risasi nyepesi za gramu ishirini na nne zisizochosha bega. Ushauri ulikuwa mzuri. Visahani vya udongo viliruka, Erasmus akafyatua, navyo vikaenda kutua majanini vikiwa vizima kabisa.

Alikuwa na siri ambayo hakumwambia mtu: hofu ya macho yake. Alikuwa dereva wa basi. Lockdown nzima aliwapeleka manesi kazini, na Jumatatu iliyokuwa inakuja alipaswa kupimwa macho ili leseni iendelee. Kila asubuhi alijiziba jicho moja na kunong'ona maandishi ya boksi la nafaka lililokuwa upande wa pili wa jiko, ila hakujiamini, maana boksi lenyewe alishalijua kwa moyo. Macho yakiisha na basi limeisha, na hapo angewaambia nini mkewe Leokadia na watoto? Ndiyo maana aliomba kimoyomoyo kosa liwe la bunduki.

Mzee Kamande akaichukua bunduki, akaifungua, akailaza mezani. Akamtaka anyooshe mikono yote miwili, aache kitundu kidogo katikati ya viganja, kisha amtazame pua kupitia hapo. Erasmus akafanya hivyo, na mzee akacheka polepole.

"Unaniangalia na jicho la kushoto," akasema, "na bunduki unaiweka bega la kulia, ndiyo maana shabaha inakupita. Ukiwa mtoto ulikuwa na mashoto?"

Erasmus alitaka kukana. Kisha akamkumbuka bibi yake kule Bukoba, aliyemfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kila chakula kilipotengwa, hadi mkono ukashika adabu. Miaka arobaini amekula, ameandika na amesalimia watu kwa kulia, mpaka mwenyewe akasahau.

"Bibi alinyoosha mkono, jicho hakulifikia," mzee akasema. "Macho yako ni fine, ndugu yangu. Badilisha bega tu."

Erasmus akabadilisha, na akajikuta anamwomba mzee radhi kwa kutumia kushoto mbele yake. Kisahani cha kwanza alikikosa. Cha pili kikapasuka. Cha tatu kikawa vumbi. Bunduki hakuilaumu tena. Alichagua ile ya mitutu miwili, na Kamande akaandika kwamba kitako chake kichongwe kwa mtu wa kushoto.

Kutoka maegeshoni akampigia Leokadia, akamweleza yote, kuanzia boksi hadi vumbi.

"Nilikuona ukiziba jicho, juzi nikaweka boksi la aina nyingine," Leokadia akasema. "Ukalisoma lote, mume wangu, na hata hukushtuka. Nikajua macho ni mazima. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe kinachokusumbua."

Erasmus akacheka mpaka machozi yakamtoka, macho yote mawili.